Taa ya Miguuni mwa Mgeni

Leo hatuna mshono wala pishi. Tunataka kuzungumza juu ya taa za gari, na wanaotufahamu watacheka, maana sisi wawili, mtu na wifi yake, tulikuwa hatujui chochote kilichomo ndani ya boneti zaidi ya pahala pa kutia maji.

Tunashona Arusha mwaka wa saba sasa. Gari yetu ni Noah, na wateja wetu wengi wa magauni ya harusi wako upande wa juu, Sekei na Ilboru, huko mji unapoanza kuupanda mlima Meru. Anayetoka kisiwani akaenda huko ajue habari ya mifereji. Waarusha na Wameru tangu zamani wanachimba mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba na kahawa, na mengine ya maji hayo yanapita kando kabisa ya njia, bila ukingo wala kifuniko. Mchana inapendeza. Usiku wa masika, migomba imefunga na mawingu yamelala juu ya mlima, huioni.

Mama alikuja kututembelea masika ya mwaka jana. Ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwengine, lakini kwake sote wanawe. Alikuja na kofia ya viua aliyokuwa akimshonea mjukuu wake wa kwanza, aliyekuwa anaoa mwezi unaofuata. Anayeijua kazi ile anajua: ni miezi ya kutoboa na kuzungushia uzi, kijitundu kimoja kimoja, na mkono mmoja ndio uanze na ndio umalize. Ilikuwa imebaki sehemu ya juu.

Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa na gauni la kupimisha Ilboru. Mama akasema yeye haachwi nyumbani. Tulipofika tukasogeza gari pembeni kabisa ili bodaboda zipite. Taa za mbele zilikuwa kali hata geti la nyumba ya tatu linaonekana. Mama akavuta mlango, akateremsha mguu, na mguu haukukuta ardhi.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Akafungwa hogo wiki sita. Hakutulaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililotukosesha usingizi. Bwana harusi alivaa kofia ya kununua.

Jambo lenyewe liko wazi ukilifikiri, ila hatukuwahi kulifikiri. Kwetu gari zinapita kushoto, kwa hiyo abiria wa nyuma ya Noah anateremkia kushoto, upande wa mtaro daima. Dereva anateremkia barabarani, penye ardhi. Na taa zote za gari zimepangwa kwa ajili ya dereva aone mbele, na wengine waione gari. Ya mgeni anayeteremka haipo, isipokuwa kile kitaa cha ndani, ambacho kinamulika mapaja yake na kumpofusha macho kwa nje.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha kinyume chake. Wengi wenu mnakumbuka umeme ulivyokatika Unguja nzima Disemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010. Sisi tulikuwa wasichana. Miezi mitatu ile, mgeni akibisha usiku, tulitumwa mlangoni na kandili, na Mama alikuwa akitupigia kelele kutoka ndani: msimmulike uso, mmulikeni miguu! Taa ya usoni ni ya polisi, ya miguuni ni ya mgeni. Tukawa watu wazima, tukanunua gari yenye taa kubwa, tukasahau.

Basi tukatafuta fundi. Wa kwanza alitutolea mkanda wa taa za LED wa zambarau, akasema gari itang'aa mpaka Mnara wa Saa. Tukamwambia tunataka nyeupe inayoelekea manjano, inayoonesha tope kuwa tope na maji kuwa maji. Akatufungia, kwa swichi chini ya dashibodi, waya moja kwa moja kwenye betri. Ijumaa usiku tukasahau kuizima. Jumapili alfajiri, tunataka kuwahi soko la Ngaramtoni, gari haikohoi. Taa zenyewe zinakula kidogo, wati 12 zote pamoja, yaani ampea 1 tu kwenye umeme wa volti 12. Lakini ampea 1 kwa saa 32 juu ya betri iliyozeeka, na baridi ile ya Julai, imetosha.

Fundi wa pili alikuwa kijana mpole asiyependa kusema, lakini alikubali tukae karibu tuone. Akatuonesha kitufe kilichopo kwenye fremu ya mlango. Mlango ukifunguka kitufe kinatoka, kinaunganisha upande wa hasi na bodi, ndipo taa ya ndani inawaka. Hasi ya taa zetu akaileta hapo hapo. Chanya akaitoa kwenye umeme wa kudumu na kuiwekea fyuzi yake ndogo. Mlango ukifungwa, taa inazima yenyewe, hakuna cha kukumbuka, wala gari haitembei ikiwaka kama ukumbi wa taarab.

Taa hakuzifunga kwenye mlango. Mlango wa Noah unakwenda na kurudi, na waya unaokunjwa kila siku hukatika. Sisi washonaji tunalijua hilo kwa uzi. Alizificha chini ya kizingiti, zikitazama ardhi, kwanza akasugua pahala hapo kwa spiriti, kisha gundi, kisha silikoni pembeni ili tope la huku juu lisiingie. Waya zote akazipitisha ndani ya kapeti na kuzibana kila baada ya shibiri moja. Tukatazamana. Ile ilikuwa bandi kabisa, bandi nzuri. Tulilipa shilingi 45,000, na ushauri wetu kwenu ni kudai fyuzi na kitufe cha mlango kabla hamjauliza rangi.

Jirani mmoja alituuliza kama siku hizi tumeanza kujionesha. Hatukukasirika, kwa sababu swali hilo tulishajiuliza wenyewe. Riyaa ni jambo la kuogopwa, na gari ni pahala pake pazuri pa kujificha. Lakini tulifunzwa chuoni tangu wadogo kwamba kumuondolea mtu udhia njiani ni katika imani, na mfereji ule hatuwezi kuuondoa, una wenyewe na migomba yao inaungojea. Tunachoweza ni kuuonesha.

Mama amerudi Arusha wiki mbili zilizopita. Mkono umepona, ila haugeuki wote, na sindano ya viua haishiki zaidi ya robo saa. Kofia kaja nayo vile vile, anasema atakayezaliwa ataivaa. Yule bibi harusi wa Ilboru amejifungua, tukaenda kumuona baada ya Isha, na hatukumwambia Mama lolote kuhusu gari.

Tulipofika alikaa kidogo. Akavuta mlango kwa mkono wa kushoto, polepole, na mwanga ukaanguka chini: majani ya mgomba, jiwe, na mfereji wenyewe, maji yanapita. Mama akaushikilia mlango akautazama kwa muda.

"Kumbe wenyewe mdogo hivi," akasema, akauvuka.