Saa Kumi za Mbisho

Bibi, mzaa mama, alifariki Nungwi usiku mmoja wa msimu wa kusi, nami nikiwa darasa la sita. Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja tu, mjomba wangu, naye maskani yake yalikuwa Mkoani, Pemba. Baina ya bandari mbili hizo ni yapata maili 30 za baharini. Baba, aliyekuwa nahodha wa mashua, akaazimia kwenda kumchukua ili awahi kumzika mamaye. Alinambia kwamba kwenda, upepo ukiwa nyuma yetu, tutapata maili 6 kwa saa. Kurudi, kwa upepo wa mbisho, tusitaraji zaidi ya 3, kwani chombo hakiendi uso kwa uso na upepo. Huenda kombo, huku na huku.

Baba alipotangulia pwani, mama akaniuliza tutarudi saa ngapi, wazee wapate kujua mazishi yangoje hadi lini. Juma lile lile nilikuwa nimefundishwa wastani. Nikajumlisha 6 na 3, nikagawa kwa 2, nikapata 4.5. Maili 60 za kwenda na kurudi, kwa mwendo huo, ni saa 13 na dakika 20. Tukitweka tanga saa 12 alfajiri, nikasema, tutafika kabla ya sala ya isha. Mama aliniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Wazee wakaridhia kungoja hadi isha.

Tulifika Mkoani kwa saa 5, kama alivyokadiria baba. Mjomba tulimkuta papo hapo pwani. Alipoisikia habari alipanda chomboni kama alivyo. Kurudi kukatuchukua saa 10. Tulikanyaga mchanga wa Nungwi saa 3 usiku, tukakutana na watu wakirejea makaburini. Mjomba hakusema neno. Aliomba maji atawadhe, kisha akaomba aoneshwe kaburi.

Kosa langu nililifahamu siku nyingi baadaye. Wastani wa mwendo ni umbali wote kugawa kwa muda wote: maili 60 kwa saa 15, yaani 4, wala si 4.5. Niliipa miendo miwili uzito sawa kwa kuwa masafa yalikuwa sawa. Lakini katika mwendo mwema tulikaa saa 5 tu, na katika mbisho tukakaa saa 10. Polepole ndiyo iliyoimeza siku.

Tena hasara hiyo haifidiki kwa haraka. Lau tungeanza na mbisho kwa saa 10, kisha tukatamani wastani wa maili 6 kwa safari nzima, hata chombo chenye kasi kiasi gani kisingetufaa. Maili 60 kwa mwendo huo ni saa 10, na saa hizo zingekuwa zimeshakwisha, nasi bado tuko nusu ya njia.

Sikupata kumwambia mama. Naye alifariki akiamini kwamba siku ile bahari ilichafuka. Haikuchafuka hata kidogo. Mashua ilikwenda maili 3 kwa saa, kama baba alivyosema.