Mtoto, Kete na Lugha ya Hesabu

Watu wengi huamini kuwa hesabu haina lugha: mbili na mbili ni nne, iwe Unguja au London. Mimi siikubali kauli hiyo, na sababu zangu nimezipata katika baraza za Mji Mkongwe zaidi kuliko vitabuni.

Tuyatazame maneno yetu ya idadi. Mtoto anayekulia katika Kiswahili husikia watoto wawili, mayai mawili, vijiti viwili, kete mbili. Ili atambue kwamba vyote hivyo vinashirikiana jambo moja, hana budi kukiweka kando kiambishi na kulishika shina -wili, ambalo halisimami peke yake. Hiyo tayari ni kazi ya mantiki, naye huifanya kabla ya kuingia skuli. Afikapo sita, kanuni hubadilika: sita, saba na tisa, maneno yenye asili ya Kiarabu, hayapokei kiambishi, ilhali nane hupokea. Kumi na moja na kumi na mbili hujieleza yenyewe. Ishirini na thelathini humficha mtoto ile mbili na ile tatu. Wahenga walikuwa na mtandatu, fungate na kenda. Fungate siku hizi twaisikia harusini tu.

Jean Piaget wa Uswisi alieleza katika mwaka 1941 kuwa mtoto mdogo, akioneshwa safu mbili zenye idadi sawa, kisha moja ikatanuliwa mbele yake, aghalabu husema iliyotanuliwa ina vitu vingi zaidi. Nilimjaribu mjukuu wangu wa miaka minne kwa kete za bao, naye akajibu hivyo hivyo. Kaka yake wa miaka saba akacheka: "Babu, hujaongeza hata moja!" Yeye hakuhesabu, alitoa hoja. Nadhani bao lenyewe limemsaidia. Kete 64 huzunguka katika mashimo 32, huliwa na kusambazwa upya, lakini hakuna itokayo mchezoni. Mtoto anayekaa ubavuni mwa wachezaji huliona jambo hilo kila alasiri.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Binti mmoja katika ukoo wetu, aliyesoma kwa utaratibu huo, alikuwa akipata majibu sahihi daftarini. Nilimwuliza kwa Kiingereza kwa nini robo tatu ni kubwa kuliko theluthi mbili. Akanyamaza. Nilipomrudia kwa Kiswahili, alijibu bila ya kusita:

"Kila moja imepungukiwa kipande kimoja tu kuwa nzima, babu. Hii imepungukiwa robo, ile theluthi. Robo ni ndogo kuliko theluthi, basi iliyopungukiwa kidogo ndiyo kubwa."