Ukuta Usio na Simiti

Mara ya kwanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, niliandika kwamba Thimlich Ohinga iko Homa Bay. Sisi hupita Rodi Kopany na Ndhiwa kwenda huko, so kichwani mwangu ilikuwa yetu. Kumbe iko Migori, na watu wa Migori hawachezi na hilo jambo.

Asubuhi nikakuta msee amesharekebisha. Aibu! Nikawaza kuachana nayo kabisa. Kwani nani ananilipa? Data ni yangu, usingizi ni wangu. Lakini alikuwa ameniachia ujumbe: amebadilisha kaunti tu, mengine yamebaki. Halafu akauliza kama nina picha.

Sikuwa nayo. Jumamosi nikapanda boda.

Kuta za Thimlich ni mawe matupu, bila simiti, bila udongo. Makubwa yamepangwa nje na ndani, madogo yamejazwa katikati kuyabana. Inadhaniwa zilijengwa karne ya 16, na UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Waliozijenga walihama kitambo. Wengine wakaja, wakakuta mawe yameanguka, wakayarudisha. Nao wakahama, wakaja wengine.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na tangu siku ile naiona hivyo. Tunapenda kusifu waanzilishi. Lakini inasimama kwa sababu kuna mtu, usiku, bila malipo, anarudisha jiwe bila kumtukana aliyeliangusha. Kosa hurekebishwa kwa dakika moja, maana kila ukurasa umehifadhi historia yake. Mtu akiondoka na aibu, hakuna kitufe cha kumrudisha.

Najua, lakini juzi nilikaribia kusahau. Mgeni aliandika kwamba Tom Mboya alizikwa Nairobi. Nairobi! Mimi mtu wa Homa Bay, damu ikachemka. Kidole kilikuwa tayari kufuta kila kitu alichoandika, aya tatu nzima, bila neno.

Nikaweka simu chini, nikanywa chai. Kisha nikarekebisha sentensi moja: aliuawa Nairobi mwaka 1969, akazikwa kwao Rusinga. Nikamwandikia kwamba mengine yote yako poa, yamebaki. Nikamuuliza kama ana picha.

Bado hajajibu. Kila jioni nachungulia.