Bundi wa Dola Sitini

Ndugu wasomaji, nianze na ubeti, kwa kuwa ndio ulionitia matatani:

Bundi yuko mnadani, ni nani amtakaye?
Kalala mwake kashani, hana amliliaye,
Mkono upo hewani, ndimi nimnunuaye,
Bundi wa dola sitini, leo nimchukuaye.

Niliutunga ndani ya gari, Jumamosi moja ya mwezi Machi, nikiwa nimeegesha kando ya barabara ya mashambani katika jimbo la Pennsylvania. Mizani zake nimezihesabu mara tatu, 16 kwa kila mshororo, wala sikuona mahali pa kurekebisha. Wenye kupenda vina wataona vimekaa panapostahili. Ubeti huu una kilema, lakini si cha arudhi, na nitakifikia.

Bibi aliyeishi ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, alifariki majira ya baridi. Tulikuwa majirani kwa miaka kumi na mmoja. Watoto wake wanaishi mbali, na kama ilivyo desturi ya huku, walimwita dalali aje aunadi mji mzima: vitanda, mashuka, sufuria, majembe, hata kopo lililojaa vifungo vya nguo. Kila kitu kilibandikwa namba na kupangwa juu ya meza ndefu ndani ya banda. Mimi nimezaliwa Tanga, ambako mali ya marehemu hugawanywa na ndugu waliokaa mkekani, na hata wakigombana hugombana kwa sauti ya chini. Kuiona birika iliyokuwa ikinimiminia chai imebandikwa namba 214 kulinitia simanzi. Nilikwenda kwa ajili ya kamusi yake ya Kiingereza, ya majuzuu mawili. Niliipata kwa dola nne.

Ningaliondoka hapo hapo kama si sauti ya dalali. Sisi neno letu, mnada, limetoka katika Kiarabu, katika kuita na kupaza sauti, ndiyo maana tunasema kunadi. Waingereza neno lao wamelitoa katika Kilatini, katika kuongezeka, yaani wao wanaisikiliza bei nasi tunamsikiliza mtu. Dalali huyu alikuwa na haki ya kusikilizwa. Aliimba namba kwa pumzi moja, akijaza vijineno visivyo na maana baina ya bei na bei, pasipo kupoteza pigo hata moja. Nilijikuta nahesabu mizani zake kwa vidole mfukoni. Basi nikabaki.

Ndipo msaidizi wake akainua kasha dogo la mbao, na ndani yake mlikuwa na bastola.

Ilikuwa kuukuu, ya nikeli iliyobabuka, fupi kiasi cha kutosha kiganjani. Jina la kiwanda lilikuwa Iver Johnson. Kiwanda hicho kilikuwa Fitchburg, Massachusetts, na mwanzilishi wake alikuwa mhamiaji kutoka Norway. Bastola zake ziliuzwa kwa bei ya chini na kwa wingi, nyingine kwa katalogi za posta, ili fundi na mkulima nao waweze kumiliki silaha. Hazikuwa na sifa ya uzuri. Sifa yao kubwa ilikuwa usalama: tangazo la kampuni lilimwambia mteja aigonge nyundo ya bastola kwa nyundo ya fundi, aone kama italia. Hata hivyo ni bastola ya Iver Johnson ambayo Leon Czolgosz aliificha chini ya leso mnamo Septemba 1901 mjini Buffalo, akampiga nayo rais McKinley.

Na kila upande wa mpini, ndugu zangu, kulikuwa na kichwa cha bundi. Ndiyo alama ya kampuni.

Nani katika sisi asingeshtuka? Bundi, ndege ambaye bibi zetu walimfukuza juu ya paa kwa kijinga cha moto, amechorwa juu ya bunduki! Najua, nanyi mnajua, kwamba maneno hayo mawili hayana nasaba. Bunduki ni Kiarabu, na wataalamu huihusisha na bunduq, ile njugu yenye umbo la gololi. Bundi ni bundi. Lakini sikio halisomi kamusi. Papo hapo nilianza kuita maneno ya ukoo ule: risasi, ambayo kwanza ni madini na baadaye ni mauti, baruti, gumegume, lile jiwe la kutoa cheche lililozipa jina bunduki za kale, mtutu, mtambo. Tena mzinga, ambao ulikuwa wa nyuki kabla ya kuwa wa vita. Hapo nikakwama. Kiswahili huziita bastola zote kwa jina moja, ile ya kasha la risasi mpinini na hii ya gurudumu la vyumba vinavyozunguka. Wako wanaoandika rivolva, nami silipendi neno hilo, limekaa kama mgeni asiyevua viatu. Nilijiambia: bastola ya mzinga. Vyumba vitano vimezunguka duara, kila kimoja na mwiba wake. Nililifurahia neno langu kiasi kwamba dalali alipoanza kuimba sikujua mkono wangu umekwenda wapi.

Alianza na dola mia moja, kimya. Akashuka themanini, kimya. Kwa hamsini nilinyosha kadi yangu; mzee mmoja wa nyuma akasema hamsini na tano; nikasema sitini, naye akatikisa kichwa. Jirani yangu wa kiti alinipiga begani akaniambia nimeokota, kwamba zenye hali kama ile huuzwa mara mbili ya bei hiyo. Sitaficha kwamba nilifurahi. Furaha ya kupata kitu kwa bei ya chini ni furaha ya kitoto, na haichagui kitu chenyewe.

Sikukabidhiwa siku hiyo. Sheria ya Pennsylvania hairuhusu bastola kupokezanwa hivi hivi baina ya watu. Hupitia kwa muuzaji mwenye leseni, naye huchunguza jina lako kwanza. Nikalipa, nikachukua risiti na kamusi yangu, nikaketi garini na kutunga ule ubeti.

Kabla sijawasha gari, binti wa marehemu alikuja dirishani kuniaga. Alisikia nani amenunua bastola, akawa anacheka, kicheko cha mtu anayesimulia jambo ambalo nyumbani kwao limekuwa mzaha kwa miaka mingi.

"Kwa hiyo ameichukua yule yule," alisema. "Mama hakukuambia? Usiku ule mlipohamia, aliwaona mkishusha mizigo gizani, watu asiowajua. Alikaa dirishani nayo mapajani mpaka alfajiri. Baadaye aliona haya sana."

Hakuniambia. Nilicheka pia, kwa adabu.

Nilipofika nyumbani nilisimama barazani nikalitazama lile dirisha. Kwa majira kumi na moja ya baridi nilikuwa nikiamka kabla ya mapambazuko, nikavuka barabara na koleo, nikamwondolea theluji mlangoni pake, mtu mrefu aliyejifunga skafu mpaka machoni, bila kubisha hodi ili nisimwamshe. Mara nyingine niliona pazia likitikisika, nami nilipunga mkono. Mchana angeniletea pai ya matofaa, akikosea jina langu kwa namna ile ile siku zote. Alipougua, ni sisi tuliompeleka hospitali. Yote hayo ni kweli. Na ule usiku wa kwanza nao ni kweli. Sijui niuweke wapi kati ya hayo mengine, na nimekuwa nikiuhamisha kama kiti kisicho na nafasi sebuleni.

Mke wangu alilimaliza kwa upande wake. "Baba watoto, huyo bundi halali humu ndani."

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa muuzaji nikiwa nimekusudia kumwachia bastola na kupoteza dola zangu. Alinipa fomu. Inauliza mahali pa kuzaliwa, nikaandika Tanga, Tanzania. Inauliza kama wewe mwenyewe ndiwe mnunuzi wa kweli wa silaha hii, au unamnunulia mwingine. Niliitazama sana sentensi hiyo. Ndimi nimnunuaye, nilikwisha kuandika kwa vina. Nikatia alama kwenye ndiyo.

Wakati tukisubiri majibu ya uchunguzi, muuzaji aliikunja bastola katikati, akavuta mtambo, akavuta tena. Nyundo haikurudi. Akafungua mpini, akaning'inizia mbele ya macho kipande cha chuma: kamani imevunjika.

"Tangu lini?" niliuliza.

Aliipeleka kwenye taa. Pale ilipokatika palikuwa na kutu nyekundu. Akasema yaweza kuwa miaka mitano, yaweza kuwa hamsini, hakuna ajuaye. Alidhani nasikitikia bei, akaniambia kamani mpya zinapatikana na kazi yenyewe ni ya nusu saa. Nikamwambia aiache ilivyo.

Bundi sasa analala garini, ndani ya kasha lake lenye kufuli, mpaka nitakapompata fundi wa kuniondolea ile mipini miwili. Chuma kilichobaki polisi hukipokea. Mipini mke wangu amekubali iingie ndani, kwa sharti ikae kabatini pamoja na kamusi.

Nimeurudia ubeti. Mshororo wa pili ndio wenye kilema nilichowaahidi: nilisema hana amliliaye, na nililisema kwa kuwa mizani ziliniruhusu. Nimelifuta hana. Nilijaribu yuko, ikaingia sawasawa; nilijaribu nani, ikaingia sawasawa nayo. Kwa sasa pale pana nafasi wazi, ya mizani mbili.