Mbolea Iliyonifunza Adabu

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Msemo huo niliusikia tangu darasa la nne, lakini sikuuamini hadi mwaka jana, nyumbani kwetu Njoro.

Nyanya yangu ana ekari moja na ng'ombe mmoja. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo karo yangu. Mipakani tumepanda migrevilea, ndani kuna mistari ya kaliandra, na katikati yake nepia. Mimi hukata lishe kila jioni nikitoka shule. Mwaka jana nepia iligeuka manjano na maziwa yakapungua.

Agosti 2023 serikali ilikuwa imeshusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Hata hivyo, Nyanya alilazimika kuuza kuku ndipo apate mfuko mmoja wa CAN. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anitaniavyo, "ngoja mvua, kisha utie kwenye nepia pekee."

Mimi nikajifanya mjuaji. Nilijaza mbolea kwenye mashina ya miche ya kaliandra, ati ikue upesi. Mvua haikunyesha. Baada ya juma moja miche ilikuwa imekauka kama iliyochomwa moto. Nyanya hakunigombeza. Aliniita tu kwa jina langu la shule, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Mwalimu wetu wa kilimo ndiye aliyenifumbua macho. Aling'oa mche mmoja uliopona, akanionyesha vinundu mizizini. Kumbe humo mna bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani! Kaliandra hujitafutia. Mwenye njaa ni nepia, kwa sababu kila tukiikata tunaondoa rutuba ya udongo na kumpelekea ng'ombe. Basi rutuba hiyo sharti irudi, na njia yake ni samadi.

Likizo ya Agosti nilichimba mashimo ya tumbukiza, kina futi mbili, mbali na mizizi ya miti. Kila shimo nilitia debe la samadi iliyooza, nikachanganya na udongo wa juu, nikapanda nepia. Lundo la samadi nimelifunika lisipigwe na jua wala mvua.

Wasomaji wenzangu, msiidharau samadi iliyo nyuma ya zizi. Juzi nilirudi na mzigo wa nepia ya kijani kibichi. Nyanya akautazama, akacheka, akasema, "Karibu nyumbani, mume wangu."