Gari la ndoto yangu lilivyonionyesha cha mtema kuni

ILIKUWA yapata saa tano za usiku lori lilipopiga honi kwenye lango la mtaa wetu. Juu yake, likiwa limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, palikuwa na gari la buluu lisilokuwa na bampa ya mbele wala taa ya upande wa kushoto.

Mke wangu alitoka nje akiwa amejifunga leso. Alilitazama gari, akanitazama mimi, kisha akauliza swali moja tu.

"Baba watoto, hili linatembea?"

"Litatembea," nikamjibu.

Majirani walikuwa wamejaa madirishani. Vijana wanne wa mtaani walilishusha na kulisukuma hadi mahali pa kuegesha, nami nikawapa Sh200 kila mmoja. Katika pesa zote nilizotumia kwa gari hilo, hizo ndizo pekee ambazo sikuzijutia.

Mpenzi msomaji, huenda ukajiuliza mtu mwenye akili timamu, mwenye watoto wawili na nyumba ya kupanga, alikuwa akitafuta nini kwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 1996. Ili unielewe, itabidi turudi nyuma hadi mwezi wa Machi, 1997.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka tisa na tuliishi Jericho, hapa Nairobi. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alituamsha mimi na kaka yangu saa tisa za usiku, akatupakia kwenye pikapu ya rafiki yake, tukaenda hadi upande wa Kajiado kutazama mbio za magari za Safari Rally. Tulikaa juu ya kichuguu tukila viazi vitamu vilivyopoa.

Kwanza ilitokea helikopta. Siku hizo mashindano yalifanywa katika barabara zilizotumiwa na kila mtu, na helikopta iliwatangulia madereva ili kuwaonya juu ya ng'ombe, punda na matatu zilizokuwa mbele. Kisha tukaona vumbi. Mara gari la buluu lenye maandishi ya manjano likapita kama mshale, likatumwagia changarawe. Dereva wake, Colin McRae, na msaidizi wake Nicky Grist ndio walioshinda mwaka huo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Subaru kuibuka na ushindi wa Safari Rally.

Baba hakushangilia sana. Kwake yeye hakuna gari lililotengenezwa baada ya Datsun. Aliweza kukusimulia jinsi Datsun 240Z ilivyoshinda mwaka 1971 na tena 1973, na jinsi Shekhar Mehta alivyotwaa ushindi mara tano, mara nne kati ya hizo zikiwa za mfululizo tangu 1979 hadi 1982.

"Hao ndio walikuwa madereva," alisema akipangusa vumbi usoni. "Hii yenu inapiga kelele tu."

Kelele hizo ndizo zilizoniteka! Injini ya Subaru si kama injini za magari mengi. Silinda zake nne zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, na pistoni zake hupiga ngumi kuelekea nje kama wanamasumbwi. Kwa kuwa mabomba yanayotoa moshi katika injini hiyo hayakuwa na urefu sawa, mlio wake ulitoka kwa kudundadunda. Ukiusikia huna haja ya kugeuka ili ujue ni gari gani.

Wiki hiyo mimi na kaka tulitengeneza gari la waya, magurudumu yakiwa ya ndara kuukuu, tukalipaka buluu ya kufulia nguo. Tuliapa kwamba tukiwa watu wazima tutanunua la kweli. Kaka aliachana na mambo hayo mapema. Leo ana pikapu ya kusambazia mayai na hulala usingizi mnono.

Mimi nilianza kulitafuta mwaka 2023. Sheria za Kenya haziruhusu mtu kuingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo gari la kale kama hilo sharti ulipate miongoni mwa yale yaliyoingia zamani. Nayo si mengi. Mengi yaliangukia mikononi mwa vijana wenye haraka na kuishia mitaroni.

La kwangu nililipata Mombasa, mtaani Tudor, likiwa chini ya mwarobaini. Mwenyewe alitaka Sh350,000, tukakubaliana Sh280,000. Alinihakikishia kwamba lilikuwa na "hitilafu ndogo tu ya injini." Hitilafu ndogo! Mtu mwingine angekwenda na fundi. Mimi nilikwenda na kumbukumbu za kichuguu cha Kajiado, nikazunguka gari nikitabasamu kama bwana harusi.

Hata kulifikisha Nairobi kulikuwa na kisirani chake. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halikokotwi kwa kuinua magurudumu mawili na kuyaacha mengine mawili yakizunguka barabarani, maana utaiharibu mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ilinibidi kulipa lori Sh35,000.

Fundi wangu yuko Kirinyaga Road, pale ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan. Alilizunguka gari mara moja, akakibonyeza kwa kidole gumba kibati kilicho juu ya gurudumu la nyuma. Kidole kikazama. Hewa ya chumvi ya Pwani ilikuwa imekila chuma chote, na mtu akaziba shimo kwa fila na kupaka rangi juu.

Kisha akafungua injini. Ule mshipi wa mpira unaopanga mwendo wa vali, ambao mafundi wetu huuita taimingi belti, ulikuwa umekatika. Katika injini hiyo, mshipi ukikatika wakati gari linatembea, vali na pistoni hugongana. Vali kadhaa zilikuwa zimepinda kama misumari iliyogongwa na mtoto. Isitoshe, gasketi zilikuwa zimeungua.

"Injini hii imekufa mara mbili," fundi akasema, akijipangusa mikono. "Usiifufue. Tafuta nyingine."

Injini nyingine iliyotumika Japani iligharimu Sh180,000. Rejeta, klachi, breki na taa nilizitafuta moja moja. Bahati nzuri ni kwamba spea nyingi za Forester na Legacy za miaka hiyo huingia katika Impreza bila matata. Fundi wa bodi alinishauri tusirudie uongo wa fila, akakata bati lote lililooza na kuchomelea jipya. Kazi hiyo peke yake ilichukua wiki tano, kwani stima zilipotea mara kwa mara na yeye alifiwa na shangazi wawili.

Sasa nifikie jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa. Pesa hizo zilitoka wapi?

Tulikuwa tumeweka akiba katika chama cha ushirika ili tununue ploti Kamulu. Akaunti ilikuwa kwa jina langu, lakini kila mwezi mke wangu alinipa sehemu ya mshahara wake niiweke humo. Nilitoa Sh240,000 bila kumwambia. Nilijidanganya kwamba ningezirudisha kabla hajagundua.

Aligundua mwezi wa Novemba, wakati mwenye ploti alipompigia simu kuuliza kama bado tulikuwa na nia. Hakunipigia kelele. Alipika, akaniandalia, akanyamaza. Kwa siku tatu nyumba ilikuwa kama ya matanga.

Siku ya nne nilijitetea kwa kumtaja baba. Mwezi wa Agosti baba alikuwa amepatwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kushoto na kumwacha akitamka maneno kwa shida. Nilisema nilitaka kumpeleka katika mbio za Pasaka ya 2024. Mashindano ya dunia yalikuwa yamerudi Kenya tangu 2021, baada ya kutoweka mwaka 2002.

"Gari ulilinunua Aprili," akasema. "Mzee aliugua Agosti. Usimfanye mgonjwa kuwa kisingizio chako."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Siku hiyo alitoa daftari la mtoto, akaandika masharti. Ningelipa Sh8,000 kila mwezi hadi deni liishe, naye angeweka sahihi. Ufunguo wa gari ungekaa ndani ya mkebe wa majani chai, pamoja na stakabadhi.

Jumamosi ya Machi 30, 2024, tuliondoka alfajiri tukielekea Elmenteita. Baba alikaa mbele, mke wangu na watoto nyuma. Tulipita Limuru na kuteremka hadi Mai Mahiu salama salmini, lakini tulipoanza kupanda kuelekea Longonot tulikwama nyuma ya lori. Niliona mshale wa joto ukianza kupanda. Nilihisi jasho mgongoni. Nyuma yangu hakuna aliyesema neno.

Baba alinyosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akaufunika mkono wangu uliokuwa juu ya gia.

"Shusha," akasema. Neno hilo lilitoka zima, bila kigugumizi.

Nilishusha gia, injini ikanguruma, nikapata mwanya na kulipita lori. Upepo uliingia kwenye rejeta na mshale ukateremka taratibu. Baba hakuuondoa mkono wake hadi tulipofika Naivasha.

Huko Elmenteita tulimketisha juu ya kiti cha plastiki kando ya ua. Toyota ya Kalle Rovanperä, ambaye ndiye aliyeshinda mwaka huo, ilipita ikiacha wingu la vumbi. Watoto wangu walipiga mayowe. Baba alilisindikiza gari hilo kwa macho, kisha akanigeukia, mdomo wake ukiwa umepinda upande mmoja.

"Datsun iko wapi?" akauliza.

Daftari linaonyesha kwamba nimebakisha Sh64,000. Ile ploti iliuzwa kwa mtu mwingine, na tulizoonyeshwa baadaye ni ghali zaidi. Mke wangu hunikumbusha hayo si kwa maneno, bali kwa jinsi anavyoisoma stakabadhi mara mbili kabla ya kuweka sahihi.

Jumapili iliyopita niliamka nikitaka kulizungusha gari kidogo. Nilifungua mkebe nikakuta majani chai tu. Nilitoka hadi langoni nikamuuliza bawabu, naye akanijibu kwamba mama ameenda sokoni. Nikasimama pale kumngojea. Nilisikia ule mlio kabla hajakata kona.