Mlango Ulio Wazi Nyumbani

Usiku mmoja mwanetu alituomba simu atazame somo la hesabu, nasi tukampa kwa furaha. Tuliporudi baada ya saa nzima, hesabu ilikwisha zamani. Alikuwa akitazama mambo ambayo twaona haya kuyataja. Tulitaka kumkemea, kisha tukajiuliza: ni nani aliyemwachia mlango wazi?

Ndipo tulipojifunza kuwa milango hii haifanani. Vimeo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004, hutumiwa na mafundi wa filamu, na baadhi yao huilipia ada. YouTube, ya mwaka 2005, huchuma zaidi kwa matangazo; kadiri tunavyokawia ndivyo inavyofaidi, basi picha moja ikiisha huleta ya pili. TikTok haingoji hata kuulizwa: hupima jicho lilipokawia, kisha huleta mfano wake.

Wazazi wenzetu, kheri na shari zimo humo pamoja. Kumnyima mtoto elimu si dawa, na kumwacha peke yake ni khatari. Sasa twaketi naye, twachagua pamoja, na somo likiisha twafunga. Mtoto ni amana. Mwenyezi Mungu atusaidie kuitunza.